Hewa ya Chumba cha Mabukwe

Novemba 3
Tumeitwa ofisi ya mtaa kusomewa majibu. Kiangazi vijana wa chuo walipita huku kwetu upande wa mlimani wakaning'iniza vikopo vya plastiki ndani ya nyumba, kupima gesi inayoitwa radoni. Leo ndio tumejua maana yake. Inatoka ardhini, kwenye miamba, inapenya kwenye nyufa za sakafu, haina harufu wala rangi. Ukiivuta miaka mingi inaweza kukuletea saratani ya mapafu. Bwana aliyetumwa kusoma karatasi alisoma kama anatangaza chanjo ya kuku. Nyumba yetu imo kwenye zilizozidi, na chumba kibaya kuliko vyote ni cha mabukwe.

Mabukwe ndivyo tunavyomwita mama mkwe kwa Kirundi. Wangu anaitwa Odeta. Anaishi na sisi tangu alipohama Katumba, na chumba chake ni cha nyuma, mume wangu Gervais alikichimba kwenye mlima mwenyewe. Ukuta mmoja ni mwamba mtupu. Alitaka mama yake alale pasipo joto, maskini.

Nikauliza, "Sasa tufanyeje?" Yule bwana akasema wataalamu watakuja baada ya mwaka mpya. Kisha akatushukuru kwa ushirikiano. Unamwambia mtu mama yake analala juu ya sumu, halafu unamshukuru kwa ushirikiano!

Novemba 10
Mvua ya kwanza ya maana, watu wakitoka misa. Wote tumelowa isipokuwa shemeji Méthode, aliyekuja na gari la kampuni. Huyu ndiye mdogo wake Gervais, msomi wa familia. Kiangazi chote alikuwa anawaongoza wale vijana wa vikopo nyumba kwa nyumba, mitaa mingine, huku kwetu hakufika. Sasa kaajiriwa na watu wanaouza mashine za kusafisha hewa, na ya kwanza kamletea mama yake: nyeupe, ndefu kama ndoo mbili zilizopandana, na taa ya bluu juu.

"Mama, hii inakunywa sumu yote," alisema. "Ila dirisha lisifunguliwe. Ukifungua unaingiza hewa chafu, mashine inafanya kazi ya bure." Akazungushia dirisha selotepu, kona zote. Kila mwezi atakuja mwenyewe kuangalia kichujio.

Mabukwe alilia. Nami nikachinja kuku, kwa sababu serikali imetuambia tusubiri mwaka mpya, lakini mtoto wa nyumba hii hakusubiri.

Novemba 19
Mvua. Mchele wangu haukuuzika sokoni. Mashine inaunguruma.

Novemba 30
Umeme wa Luku unaisha kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Gervais kasema tuzime friji, mashine ya mama isizimwe. Sawa. Soda za moto hazijaua mtu.

Desemba 8
Jumuiya yetu ya kanisa imesali kwetu. Baada ya sala Méthode akaomba dakika chache, akazungumza mpaka chai ikapoa. Akawapeleka chumbani kwa mabukwe kwa zamu, wakaiangalia ile taa ya bluu kama wanaangalia sakramenti. Mabukwe akasema tangu aletewe mashine analala vizuri. Anasema kweli, ila amelala vizuri miaka yote, huyu mama akigusa mto tu kaondoka.

Jirani yetu Generosa, mjane, ambaye kifua kinambana kila masika, ameagiza. Atauza mbuzi. Wengine wameagiza pia. Méthode aliandika majina yao anatabasamu.

Desemba 25
Krismasi. Méthode alikuja peke yake, mke wake Aline mimba imekuwa nzito. Akafungua mashine, akapangusa kichujio, akafunga, akala. Mabukwe alikuwa amekaa karibu naye muda wote, akimtolea mifupa ya samaki kwenye sahani. Mtu mzima mwenye ndevu.

Januari 12
Chumba cha mabukwe kinanuka uvundo. Mvua za wiki hizi zimeupa ule ukuta wa mwamba jasho, na kwa kuwa dirisha limefungwa, unyevu hauna pa kwenda. Ukungu umepanda mpaka kwenye picha ya harusi ya marehemu mzee. Mablanketi hayakauki, na mabukwe kaanza kukohoa.

Nikampigia Méthode nimwombe tufungue dirisha hata mchana. Akanijibu, "Shemeji, nyie mkianza kubahatisha mtaniharibia mama."

Mtaniharibia! Nani anafua hayo mablanketi? Nani anamsugua mgongo kwa mafuta ya mgando akikohoa? Yeye na tambara lake la kupangusia kichujio?

Nilimjibu, "Sawa shemeji." Ndivyo mkwe anavyojibu.

Januari 21
Umeme umekatika tangu juzi. Mashine imekaa kimya, taa imezimika, na dirisha limezibwa vilevile. Nimemuuliza Gervais kama hata hili linahitaji mtaalamu. Kaniambia nisianze.

Februari 6
Wale wataalamu wa mwaka mpya wamefika kweli. Aliyekuja kwetu ni dada mmoja, Evaline, mpole, buti zimejaa tope. Alipoona mashine akasimama mlangoni kidogo, akauliza nani katuletea. Nikamwambia. Kaweka kipimo cha gesi, cha kielektroniki, kwenye kabati la mabukwe, akasema tuendelee kuishi kama tunavyoishi, atakirudia wiki ijayo.

Februari 13
Evaline karudi. Ameangalia kipimo, akakiangalia tena, akatuomba tukae.

Hewa ya chumba cha mabukwe ni mbaya kuliko ilivyokuwa kiangazi, na kwa mbali. Mashine imewaka wiki nzima, umeme haukukatika hata mara moja, mimi mwenyewe ni shahidi.

Gervais akasema basi itakuwa mbovu. Evaline akasema hapana, mashine ni nzima, inafanya kazi iliyotengenezewa. "Inakamata vumbi. Gesi hii ikioza inatoa chembe ndogo, na baadhi zinashika kwenye vumbi, kwa hiyo hizo inazipunguza kiasi. Lakini gesi yenyewe inapita kwenye kichujio kama moshi kwenye wavu wa samaki. Na kila saa inatoka nyingine chini ya sakafu. Sisi hatumshauri mtu yeyote aitegemee." Akageukia dirisha. "Hili mliliziba kwa nini?"

"Shemeji alisema tuzibe."

"Méthode?"

"Ndiyo."

"Kiangazi lilikuwa wazi?"

"Wazi kabisa. Usiku na mchana."

Akafumba macho. Akasema kumbe kile kidirisha ndicho kilichokuwa kinamsaidia bibi, kwa kiasi chake, na sisi tumekiziba. Nikamuuliza kama Méthode hakuyajua haya. Akajibu, "Alikaa na sisi kwenye mafunzo yote. Muulizeni mwenyewe, mimi sitaki kumsemea."

Kabla hajaondoka alituchorea dawa yenyewe nyuma ya karatasi ya majibu. Unapasua sakafu kwenye kona, unachimba shimo dogo, unajaza kokoto. Humo unasimamisha bomba la plastiki linalopanda mpaka juu ya bati, na kifeni kidogo cha kuvuta. Unaziba nyufa zote kwa simenti. Gesi inatolewa nje kabla haijaingia chumbani. Kwa sasa, akasema, dirisha liwe wazi.

Gervais aliikunja ile karatasi akaitia mfukoni bila kuitazama.

Februari 14
Asubuhi nilibandua selotepu yote nikafungua dirisha. Hewa iliyoingia ilikuwa na harufu ya mahindi mabichi, nikasimama pale nikaivuta kwa ajili ya mabukwe. Niliporudi kutoka sokoni, dirisha limefungwa. Mabukwe kaokota selotepu ileile kwenye taka, kaibandika upya kwa vidole vyake vinavyotetemeka.

Nilishindwa kujizuia. "Mabukwe, unataka kufa?"

Akakaa kitandani. Kisha akasema, "Mama Deo, kabla ya hii mashine, Méthode alikuja lini hapa?"

Nikajaribu kukumbuka. Pasaka ya mwaka juzi, labda. Naye anakaa pale mjini tu, ambapo bodaboda haimalizi hata wimbo mmoja wa redio kabla hujafika.

"Sasa anakuja kila mwezi," akasema. "Anakaa hapa kitandani. Ananiuliza nimekula nini. Ukifungua dirisha, mashine haina kazi. Na yeye hatakuwa na kazi huku."

Nilikuwa nimemwona mwanamke mzee anayependa kujionyesha kwa jumuiya, na nimemsema hivyo kwa wanawake wenzangu sokoni. Leo nimemwona vingine. Hasira yangu haijapungua, imehama tu. Mtu anayemfanya mama yake anunue salamu kwa mapafu yake, huyo tumwiteje?

Tumekubaliana dirisha liwe wazi, na tutalifunga akisikika Méthode anakuja.

Februari 16
Kaja baada ya misa. Dirisha tulilifunga kwa haraka kama wezi.

Gervais akamweleza majibu ya Evaline. Méthode akacheka. Eti vipimo vyao vimechoka, eti wananuna kwa sababu aliwaacha, eti masika gesi hupanda kila nyumba, bila mashine ingekuwa mara mbili. Alizungumza vizuri sana. Gervais akawa anaitikia kwa kichwa, na mwisho akanigeukia, "Umesikia, Mama Deo?" Kana kwamba mimi ndiye nilikuwa kwenye kesi.

Februari 18
Aline kajifungua mtoto wa kike. Mungu asifiwe.

Februari 25
Mvua ya mawe. Generosa kaletewa mashine yake. Kaifunika kitambaa cha kufuma kama televisheni.

Machi 1
Nitaandika taratibu, nisije nikaichana karatasi.

Leo nimekwenda kumwona mtoto. Nilibeba kilo kadhaa za mchele wa Majimoto, ule wenye harufu, na kanga. Aline alinipokea kwa furaha, hana watu wengi hapa mjini, kwao ni Mwese. Nyumba yao nayo iko kwenye mwamba, nyumba mpya, vigae mpaka barazani. Akanipeleka chumbani, nikambeba mtoto, nikaketi.

Dirisha lilikuwa wazi. Pazia linapepea.

Nikatafuta mashine kwa macho. Hakuna. Nikafikiri labda iko sebuleni, nikakumbuka sebuleni nimepita. Ndipo nikaliona kwenye kona, nyuma ya kitanda cha mtoto: bomba jeupe la plastiki limechomoza sakafuni, vigae vimekatwa vizuri kulizunguka na kuzibwa kwa simenti, likapanda ukutani, likaingia darini. Nikanyamaza nisikilize. Juu ya bati, kifeni kilikuwa kinavuma.

Ule mchoro wa Evaline. Ulikuwa umesimama mbele yangu.

"Aline," nikasema, "hili bomba ni la nini?"

"La ile gesi, dada. Méthode aliliweka mimi nikiwa na miezi mitano, alisema mtoto asizaliwe kwenye hewa ile. Alileta fundi, wakapasua siku mbili, vumbi hilo!"

"Na mashine?"

"Mashine?" Akacheka kidogo. "Nilimwomba mojawapo, akasema ya nini, mashine haiishiki gesi, inashika vumbi." Kisha akaniangalia usoni, kicheko kikaisha. "Si na kwa mama aliweka bomba? Aliniambia kwa mama ameshamaliza."

Mtoto alikuwa amelala mikononi mwangu, anapumua vizuri, na nilimshukuru Mungu kwa kila pumzi yake, na huku nilitaka kupiga kelele mpaka vigae vibanduke. Aline akaanza kulia. Nilimbembeleza. Yeye hana kosa hata moja.

Mtu kajua. Kajua kabla mashine ya kwanza haijashushwa garini. Mwanawe kamtobolea sakafu, na mama yake kambandikia selotepu.

Machi 2
Nilimwambia Gervais asubuhi, tukiwa tunapalilia mahindi nyuma ya nyumba. Alisema nimekosea, ni bomba la choo. Nikamwambia choo hakiko chumbani kwa mtoto. Akasema nina chuki na ndugu zake. Nikatupa jembe. Nikamwambia aende akaone kwa macho yake, na akikuta nimesema uongo nitarudi kwetu Mishamo kwa miguu.

Kaenda bila hata kunawa mikono.

Machi 3
Gervais alirudi jana jioni, akakaa barazani hataki chakula. Leo ndio kasema.

Méthode hakukataa. Alimkaribisha, akamwonyesha bomba mwenyewe. Gervais akamuuliza kwa nini mama hakuwekewa hilo. Akajibu, "Kaka, kampuni inauza mashine, haiuzi mashimo. Nyumba ya mama ndiyo niliyokuwa nawaonyesha wateja. Ningemwekea bomba, watu wangeuliza la nini."

Gervais kanieleza hivyo mara mbili, kama mtu anayetafuta mahali alipokosea kusikia. Huyu ni mdogo wake, aliyemlea, aliyembeba mgongoni kwenda kliniki Katumba. Kisha akaingia ndani, akarudi na nyundo na tindo.

Machi 5
Anapasua. Mabukwe kahamia sebuleni, kakaa kwenye kiti anasikiliza sakafu yake inavunjwa. Nilikwenda kumweleza yote, nikidhani atabisha. Aliuliza kitu kimoja tu: "Mtoto wa Aline anapumua vizuri?" Nikasema vizuri kabisa. "Basi," akasema, akaomba maji.

Machi 9
Bomba limesimama. Gervais alimpigia Evaline kila alipokwama, mpaka simu ikaisha chaji. Nyufa zote zimezibwa, hata ule ufa wa chini ya kabati. Kifeni kinatumia umeme kidogo kuliko taa. Dirisha liko wazi, na ukungu nimeusugua kwa jiki mpaka kucha zikaniuma. Mashine tumeiweka stoo, nimeipandisha juu ya magunia, inawatisha panya.

Machi 27
Mabukwe hakohoi. Méthode hajaja.

Aprili 10
Evaline alileta kipimo wiki iliyopita, leo kakichukua. Imeshuka. Imeshuka sana, alikuwa anacheka peke yake akiisoma. Gervais alijifanya anatafuta msumari chini, nikaona anajifuta macho.

Baba wa watu akampigia mdogo wake amwambie. Kwa wema kabisa, ili ajue mama yuko salama.

Aprili 23
Generosa kaja mbio na simu. Kuna video inazunguka kwenye magrupu. Méthode kasimama mbele ya nyumba yetu, ya kwetu, sijui aliipiga lini, na picha ya mabukwe kavaa kitenge chake cha Krismasi. Anasema: "Hii ni nyumba ya mama yangu mzazi. Hewa ilikuwa sumu. Leo wataalamu wa chuo wamepima wenyewe, imepona." Halafu picha ya mashine. Halafu namba ya simu. Jumapili atakuwa uwanja wa kanisa baada ya misa ya pili.

Hata bomba halionekani. Kapiga kwa upande ambao halionekani.

Gervais alitaka kwenda kumpiga. Mabukwe akaomba aione video. Akaiona mara tatu. Akauliza, "Jumapili saa ngapi?"

Aprili 27
Nimempeleka mabukwe kwa bodaboda, yeye katikati, mimi nyuma nimemshika. Alivaa kitenge kilekile cha kwenye picha.

Méthode alikuwa chini ya turubai, meza, mashine, kipaza sauti. Watu wengi, misa ilikuwa imejaa. Alipomwona mama yake uso ukang'aa, na nadhani alifurahi kweli, hilo ndilo linaloniuma zaidi. "Na huyu hapa mama mwenyewe!" akasema. "Mama, waambie." Akampa kipaza sauti kwa mkono wake.

Mabukwe alikishika kwa mikono miwili. Kiswahili chake kina Kirundi kingi, lakini kila mtu alielewa.

"Mimi ndiye Odeta. Hii mashine nimelala nayo masika yote. Hewa ilizidi kuwa mbaya. Wakapima, ikazidi. Iliyonisaidia ni dirisha, na bomba aliloweka mwanangu Gervais. Alipasua sakafu. Anayetaka kuliona aje nyumbani, chai ipo. Na kwa huyu mwanangu Méthode bomba kama hilo lipo, chumbani kwa mjukuu wangu. Mwambieni awaonyeshe. Mashine hana."

Méthode akamsogelea, sauti ya chini. "Mama, zima hicho kwanza."

"Sijui kinazimwaje."

Wengine walicheka. Generosa hakucheka. Alipita katikati ya watu mpaka mezani, akasema, "Méthode, mbuzi zangu." Nyuma yake wakaanza wengine, wa jumuiya yetu, wa jumuiya za mbali. Méthode alikuwa anamtazama mama yake tu. Na mabukwe akaongea naye kwa Kirundi, kipaza sauti bado kiko mdomoni, uwanja mzima ukisikia na nusu yao wakielewa:

"Mwanangu, hukuhitaji mashine kuja kuniona. Ungekuja tu."

"Turudi nyumbani," akaniambia. Njiani mgongo wake ulikuwa unatikisika, na sikujua kama ni barabara.

Mei 4
Mvua zimekwisha. Watu saba wamekuja kuangalia bomba. Gervais anawaeleza mpaka sauti imemkauka.

Mei 11
Kaja. Kwa miguu, gari la kampuni wamelichukua. Hakuleta kitu. Mabukwe alimwita akae karibu yake, akaniambia niwashe moto.

Nilimkaribia nikamsalimia kama inavyopasa. Kisha nikamuuliza, "Shemeji, utaanza na nyumba ya nani?"

Akanitazama kama hakuelewa.

"Uliowauzia wako wengi. Fundi wa kupasua unamjua, mchoro unaujua, kokoto ziko mtoni. Generosa yuko nyumbani leo."

Alimgeukia Gervais amwokoe. Gervais alikuwa anaangalia bati. Akamgeukia mama yake.

"Mwache mtoto ale kwanza," mabukwe akasema.

Basi nikamwacha ale. Nimempakulia ugali mwingi, maana kazi ile ni nzito, na alipokuwa ananawa nikaenda stoo kumtolea nyundo.